Vivinjari Vikuukuu na Barabara ya Elwak

Kivinjari kikuukuu ni programu ya kufungulia tovuti ambayo watengenezaji wake wameacha kuirekebisha, au ambayo imeachwa nyuma na lugha zinazotumika leo kuandikia kurasa. Kukihudumia kivinjari cha aina hiyo ni kuiandika tovuti kwa namna ambayo mwenye kifaa cha zamani bado ataisoma, atajaza fomu na kupata risiti yake. Kazi hii huonekana ndogo inapojadiliwa katika ofisi za Nairobi zenye faiba na kompyuta za mwaka huu. Uzito wake huonekana kwenye barabara ya kaskazini, ile inayotoka Isiolo na kupitia Modogashe na Wajir hadi Elwak.

Elwak ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Mandera. Wajir iko zaidi ya kilomita 150 kusini, Mandera mjini iko umbali unaokaribia huo upande wa kaskazini, na ng'ambo ya mpaka kuna mji wa Somalia wenye jina lilo hilo. Tangu zamani mahali hapa pamejulikana kwa visima vinavyonywesha ngamia na ng'ombe wa wafugaji. Umeme wake hautoki kwenye gridi ya taifa. Hutoka kwenye jenereta za dizeli za kituo cha mji, zikisaidiwa na paneli za jua. Mambo haya yote yanahusiana moja kwa moja na historia ya vivinjari. Kompyuta iliyofika kwa lori kutoka mbali haibadilishwi kila baada ya miaka mitatu. Simu iliyopatikana baada ya kuuza mbuzi hutumika mpaka betri ikatae kabisa. Nayo programu inayotaka mamia ya megabaiti ili ijisasishe haisasishwi mahali ambapo watu hununua bando la siku moja moja. Kifaa cha zamani hudumu kwa sababu ya bei na umbali, na si kwa sababu mwenye nacho ni mkaidi.

Intaneti ilianza kuuzwa kwa umma nchini Kenya katikati ya miaka ya 1990. Jambonet, njia kuu ya Telkom Kenya ya kuunganisha nchi na intaneti ya ng'ambo, ilizinduliwa mwaka 1998, na kwa zaidi ya miaka kumi mawasiliano ya intaneti na ng'ambo yalipitia setilaiti, njia ya gharama kubwa na ya mwendo wa taratibu, hadi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009. Katika kipindi hicho cha setilaiti ndipo kilipoenea kivinjari kilichowasumbua watengeneza tovuti kuliko kingine chochote, Internet Explorer 6.

Microsoft ilikitoa Agosti 2001, na miezi miwili baadaye kikaingia sokoni pamoja na Windows XP. Netscape, mpinzani wa miaka ya 1990, alikuwa ameshaanguka, na kufikia mwaka 2004 Internet Explorer ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji duniani. Bila mpinzani, hapakuwa na haraka ya kuboresha chochote. Toleo la 7 lilikuja Oktoba 2006, miaka mitano baadaye. Katika miaka hiyo mitano viwango vya wavuti viliendelea kusonga mbele, kivinjari cha Firefox kikazaliwa, na kompyuta nyingi zikabaki na kivinjari kilekile cha 2001. Kasoro zake zilijulikana kwa majina. Picha za PNG zisizo na mandhari zilitokea na mandhari ya kijivu. Kisanduku kilichosogezwa pembeni kilipewa ukingo maradufu ya ule ulioandikwa. Kipande kilichoamriwa kitulie mahali pamoja wakati ukurasa ukisogezwa hakikutulia. Mtengeneza tovuti alimaliza kazi yake katika Firefox, kisha akaifungua katika Internet Explorer 6 na kuikuta imevunjika vipandevipande.

Dawa iliyotumika sana ilitoka kwa Microsoft yenyewe. Ilikuwa mistari ya masharti ndani ya ukurasa, ambayo vivinjari vingine viliiona kama maelezo tu na kuipita, lakini Internet Explorer iliisoma kama amri. Kupitia mistari hiyo tovuti iliweza kuleta faili la pili la mitindo kwa ajili ya Internet Explorer peke yake. Maktaba ya jQuery, iliyotolewa mwaka 2006, ilienea dunia nzima kwa kiasi kikubwa kwa sababu ilizificha tofauti hizi: msimbo mmoja ulifanya kazi kwenye kivinjari cha zamani na cha kisasa. Ilipofika 2013 jQuery ilitoa toleo la 2 lililoacha Internet Explorer 6, 7 na 8, na hapo waliokuwa bado na wateja wa zamani walilazimika kubaki kwenye tawi la kwanza.

Kompyuta za Kenya katika miaka hiyo zilikuwa kwa wingi za mtumba. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikarabati mashine zilizokwisha kutumika na kuzigawa shuleni. Saiba, yaani vibanda vya kukodisha kompyuta na intaneti, nazo zilijengwa juu ya mashine kama hizo, na Windows XP ndiyo iliyozifaa kwa kumbukumbu ndogo zilizokuwa nazo. Internet Explorer 8 ya mwaka 2009 ilikuwa ya mwisho kukubali XP; toleo la 9 lililofuata mwaka 2011 liliikataa. Microsoft ilikoma kabisa kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Hapa kuna jambo linalostahili kuandikwa kwa heshima. Kivinjari cha Chrome kiliendelea kurekebishwa kwa ajili ya XP hadi Aprili 2016, na Firefox hadi 2018. Mwenye saiba aliyejua kuweka Firefox kwenye mashine kuukuu aliongezewa miaka minne bila kununua chochote, na wateja wake wakaendelea kufungua tovuti zilizoishinda Internet Explorer 8. Uamuzi wa watengeneza kivinjari walio mbali ulikuwa na thamani ya fedha taslimu katika mji ambao kompyuta mpya ni anasa.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, kampeni za kukitupa kivinjari cha 2001 zilikuwa zimepamba moto. Februari 2009 tovuti kubwa za Norwe ziliwaonya wasomaji wao waachane na Internet Explorer 6. Januari 2010 Google ilitangaza kwamba imeshambuliwa na wadukuzi, na ikabainika kuwa udhaifu wa Internet Explorer ulitumika katika shambulio hilo. Google ikaacha kuihudumia Internet Explorer 6 katika huduma zake za nyaraka kuanzia tarehe 1 Machi 2010, na YouTube ikafuata tarehe 13 ya mwezi huohuo. Mwaka uliofuata Microsoft yenyewe ilianzisha kampeni ya kuhesabu siku za mwisho za bidhaa yake. Sababu ya usalama ilikuwa ya kweli, na hakuna mtu wa haki anayeweza kuipinga: kivinjari kisichorekebishwa huacha mlango wazi kwa mwizi, na anayeibiwa ni mtumiaji. Lakini kampeni hizo zilimlenga mfanyakazi wa ofisi ambaye mwajiri wake alikuwa na uwezo wa kusasisha na hakutaka. Mtu ambaye kusasisha kwenyewe kulimgharimu hakuwamo katika hesabu.

Katika Norwe hiyohiyo ndiko ilikotoka zana iliyowasaidia watu wa aina hiyo zaidi ya nyingine yoyote. Kampuni ya Opera Software ya Oslo ilianza kuijaribu Opera Mini nchini mwake mwaka 2005, na Januari 2006 ikaitoa kwa dunia nzima. Ilikuwa programu ndogo iliyokaa ndani ya simu za vitufe zisizo na nguvu ya kufungua tovuti kamili. Siri yake ilikuwa kugawana kazi. Simu ilituma ombi kwa seva za Opera. Seva zikaichukua tovuti, zikaipanga, zikapunguza picha, kisha zikarudisha furushi dogo lililobanwa. Opera ilisema data iliyotumika ingeweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Katika nchi ambayo watu wengi waliiona intaneti kwa mara ya kwanza kwenye skrini ya simu, na ambayo kila kilobaiti ilikatwa kwenye kredo, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Opera Mini ilikuwa miongoni mwa vivinjari vilivyotumika zaidi nchini Kenya.

Kuihudumia Opera Mini kulitaka mtengeneza tovuti afikiri upya. JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, haikuendeshwa ndani ya simu. Seva iliiendesha kwa sekunde chache, ikaupiga ukurasa picha ulivyo, na baada ya hapo ukurasa ukaganda. Menyu ya kufunguka, kalenda ya kuchagua tarehe, fomu inayojihakiki yenyewe, picha zinazokuja msomaji anaposhuka chini, yote hayo aidha hayakutokea au yalihitaji safari nyingine ya kwenda kwenye seva na kurudi. Fonti za kupakuliwa hazikukubaliwa, hivyo alama za vitufe zilizoundwa kwa fonti ziligeuka vijisanduku vitupu. Kivinjari hiki kilikuwa kipya kwa umri, lakini kwa uwezo kilifanana na vile vya miaka ya 1990, na ndiyo maana wataalamu wengi walikiweka kundi moja na vivinjari vikuukuu. Tovuti iliyojengwa kwa JavaScript tupu mara nyingi ilimwonyesha mtumiaji ukurasa mweupe. Ile iliyoandikwa kwa viungo vya kweli, vichwa vya kweli na fomu yenye kitufe cha kutuma ilifanya kazi bila mtengenezaji kuongeza hata mstari mmoja.

Opera Mini ilikuwa na ubaya wake pia, nao haufai kufichwa. Kwa kuwa seva ndiyo iliyofungua tovuti, usimbaji fiche haukutoka kwenye simu hadi kwenye tovuti moja kwa moja. Seva ya katikati iliyaona yaliyomo. Kwa habari za gazeti jambo hilo halikuwa na madhara, lakini kwa nywila ya benki lilikuwa jambo zito.

Seva hiyo ya katikati ilileta pia tatizo la hesabu. Ombi la mtumiaji wa Kenya lilifika kwenye tovuti likiwa na anwani ya seva za Opera, na mwenye tovuti asiyejua kusoma taarifa za ziada zilizoambatana na ombi hilo aliona msomaji wa nchi nyingine. Kasoro hii ni sehemu ya kosa kubwa zaidi, ambalo ndilo kiini cha historia yote ya vivinjari vikuukuu. Uamuzi wa kuacha kukihudumia kivinjari hufanywa kwa kutazama takwimu za wageni wa tovuti: kikishuka chini ya asilimia mbili au moja, kinafutwa. Lakini takwimu hizo kwa kawaida hukusanywa na kipande cha JavaScript kilichomo ndani ya ukurasa. Mtu ambaye ukurasa haukumfungukia, au ambaye mawimbi yalikatika kabla kipande hicho hakijafika, hahesabiwi popote. Tovuti inamshinda leo, kesho haonekani kwenye jedwali, na keshokutwa jedwali linatumiwa kama ushahidi kwamba hayupo.

Huko Uingereza watumishi wa GOV.UK, tovuti ya serikali, walijaribu kulipima jambo hili mwaka 2013 kwa njia isiyotegemea JavaScript pekee. Waligundua kwamba asilimia 1.1 ya wageni hawakuipata JavaScript. Katika hao, asilimia 0.2 tu ya wageni wote walikuwa na vivinjari visivyoikubali au walikuwa wameizima. Waliobaki, asilimia 0.9, walikuwa na vivinjari vinavyoiweza, ila kwa sababu ya mtandao au nyinginezo haikufika. Hiyo ni nchi yenye umeme wa kudumu na mitandao imara. Katika eneo lenye mlingoti mmoja wa 2G, kivinjari cha kisasa hugeuka kikuukuu kila mawimbi yanapodhoofika.

Mwaka 2011 ulileta sokoni Kenya simu ya Huawei IDEOS, iliyouzwa kwa takriban shilingi 8,000, bei ambayo simu ya Android haikuwahi kuwa nayo nchini. Ilitumia Android 2.2, na kivinjari chake kilikuwa sehemu ya mfumo wa simu. Hakikuweza kusasishwa peke yake. Simu isipopata mfumo mpya kivinjari nacho hakikupata kitu, na simu za bei nafuu hazikupata mfumo mpya. Ni kuanzia Android 5.0 ya mwaka 2014 ambapo sehemu inayochora kurasa za wavuti ndani ya programu za simu ilianza kusasishwa peke yake kutoka dukani. Simu zote zilizouzwa kabla ya hapo zilibeba kivinjari kilichokwama mwaka zilipoundwa, na ziliendelea kupita mikononi mwa ndugu, wapwa na majirani kwa miaka mingi baadaye.

Serikali ilihamia mtandaoni katika miaka hiyohiyo. Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi Novemba 2013, mfumo wa kodi wa iTax ulianza mwaka huohuo, na eCitizen, lango la huduma za serikali, mwaka 2014. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu, nafasi za vyuo vikuu na ajira za walimu yalifuata njia hiyo. Baadhi ya mifumo haikuwafikiria watu wa simu. Ripoti ya kodi ya iTax ilijazwa kwenye faili la Excel lenye amri za ndani, lipakuliwe, lijazwe, lihakikiwe kisha lipandishwe tena, kazi isiyowezekana kwenye simu ya vitufe. Ndiyo maana saiba hazikufa simu zilipoenea. Ziligeuka ofisi za uwakala, na kijana anayejua ni kivinjari kipi kinakubaliana na mfumo upi akawa mtu wa lazima mjini. Mteja alilipia huduma ambayo kisheria ilikuwa yake, na mara nyingi alimwachia wakala nywila yake. Juni 2023 Rais William Ruto alitangaza huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen. Kadiri kaunta zinavyofungwa, kutofunguka kwa ukurasa mmoja kunazidi kuwa sawa na kunyimwa huduma yenyewe.

Kaskazini Mashariki ina shida nyingine ambayo hakuna msimbo unaoweza kuitibu. Wapiganaji wa al-Shabaab wameshambulia milingoti ya mawasiliano mara nyingi katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na kila mlingoti unapolipuliwa vijiji vinakaa gizani hadi mafundi wapate ulinzi wa kwenda kuutengeneza. Baadhi ya wakaazi wa mpakani wamelazimika kutumia laini za Somalia. Utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa mwaka 2016 ulikuta kata ndogo 164 nchini zisizo na mawimbi ya simu hata kidogo, na awamu ya kwanza ya mradi wa kuzifikia, kupitia Hazina ya Huduma kwa Wote, ililenga 78. Mawimbi hayo ya kwanza yalikuwa ya sauti. Wakati huohuo kurasa zilikuwa zikinenepa. Kwa vipimo vya mradi wa HTTP Archive, ukurasa wa kati duniani ulikuwa chini ya kilobaiti 500 mwishoni mwa 2010, na kufikia 2020 ulikaribia megabaiti 2. Kwenye muunganisho wa kilobiti 100 kwa sekunde, megabaiti 2 ni karibu dakika tatu za kungoja, iwapo muunganisho hautakatika.

Kisha likaja jambo la vyeti. Tovuti salama huthibitishwa na cheti, na simu hukubali tu vyeti vinavyotoka kwa mamlaka iliyomo kwenye orodha yake. Let's Encrypt, inayotoa vyeti vya bure kwa mamilioni ya tovuti, ilikuwa na cheti kikuu ambacho simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazikukijua. Zilikiamini kwa sababu tu kilidhaminiwa na cheti kingine cha zamani, ambacho kingefikia mwisho Septemba 2021. Novemba 2020 shirika hilo lilionya kwamba simu zilizo chini ya toleo hilo ni asilimia 33.8 ya Android zote. Thuluthi moja ingekataliwa mlangoni na tovuti nyingi kwa usiku mmoja, si kwa sababu ya sura ya ukurasa bali kwa sababu ya tarehe. Mwezi mmoja baadaye ikapatikana njia: Android ya zamani haikukagua tarehe ya mwisho ya cheti kikuu, hivyo udhamini ukaongezwa hadi Septemba 2024. Firefox, ambayo hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, ilipendekezwa kwa waliobaki. Watumiaji wengi hawakujua kamwe kwamba mjadala huo ulikuwapo. Huu ndio mfano bora katika historia hii, kwa sababu walioamua walihesabu kwanza watakaoumia, wakatafuta njia, na wakatoa miaka mitatu ya kujiandaa.

Mbinu za kuwahudumia wenye vifaa vya zamani zimejulikana kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2003 watengeneza tovuti Steven Champeon na Nick Finck walieleza nchini Marekani mtindo wa kuujenga ukurasa kuanzia yaliyomo: kwanza maandishi na fomu zinazofanya kazi popote, kisha mapambo, kisha JavaScript, kila tabaka likiwa la hiari juu ya lililotangulia. Kenya ina mfano wake wa busara hiyo. M-Pesa ya mwaka 2007 iliwekwa ndani ya laini ya simu, si ndani ya kivinjari, na kwa hivyo ilifanya kazi kwenye simu ya vitufe ya bei ya chini kabisa. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, husajili wanachama kwa tovuti na pia kwa kubonyeza *147#. Lakini menyu ya nyota na reli haibebi kila kitu. Haipokei nakala ya cheti cha kuzaliwa wala haionyeshi tangazo la zabuni la kurasa thelathini, na hapo tovuti nyepesi haina mbadala.

Internet Explorer ilistaafishwa rasmi tarehe 15 Juni 2022, na watengeneza tovuti wengi waliona mzigo umetuliwa. Mzigo ulikuwa umehamia kwenye simu muda mrefu kabla ya hapo. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuidhinishwa mwaka 2020, unajumuisha kebo ya faiba itakayolazwa kando ya barabara hiyo na kupita Elwak. Kebo italeta mwendo wa kasi. Simu zilizomo mifukoni zitabaki zilezile kwa miaka kadhaa. Wanaoandika zabuni za tovuti za umma, Nairobi na katika makao ya kaunti, waweke sharti moja lililo wazi: kabla ya kuzinduliwa, kila fomu ijazwe hadi mwisho kwenye simu ya bei ya chini, kwa mawimbi ya 2G, JavaScript ikiwa imezimwa, na isipokubali irudishwe kwa aliyeitengeneza.